Nafasi Iliyobaki Kwenye Koti

Juzi nilipeleka suruali yangu ya jinzi kwa fundi anayerudishia nguo rangi. Ana jiko la mkaa, sufuria kubwa iliyoungua pembeni na kijiti cha kukorogea. Alipofunua mfuniko, mvuke ukanipiga usoni: harufu ya rangi nyeusi inayochemka na chumvi, harufu iliyo kati ya chuma kilicholowa na maharage yaliyoungulia. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga meza ya jirani yake. Fundi akacheka, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwachia suruali, nikavuka barabara, nikasimama huko mpaka upepo ukaiondoa harufu ile puani. Mimi ni mtu mzima, nina kazi na mtoto wangu mwenyewe. Lakini mbele ya harufu ile narudi kuwa msichana wa darasa la tatu aliyekuwa na hakika kwamba atakufa Jumamosi.

Tulikuwa tunakaa Kijenge, kwenye nyumba ya matofali yenye uani mrefu na mparachichi mmoja usiozaa. Mama ni Mchaga, mtu wa kanisani kila Jumapili, na riziki yake ilikuwa kuuza mapazia ya mitumba sokoni. Baba alikuwa dereva wa malori, tukimwona kwa nadra. Kwa hiyo mtu aliyenilea mchana, aliyenipeleka shule na kunimenyea miwa, alikuwa kaka yangu Elirehema, ambaye wote tulimwita Eli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri maisha yaanze, na alikuwa na chumba chake cha peke yake kule uani, karibu na bomba la maji. Mimi nililala ndani, kwenye kichumba kilichotengwa na sebule kwa mlango mwembamba wa mbao.

Eli alipenda muziki wa metali. Leo naweza kuueleza: magitaa yanayonguruma kama lori linalopanda mlima, ngoma zinazokimbia kuliko mapigo ya moyo, na waimbaji wanaotoa sauti kama ya mtu aliyezikwa anayeomba kufunguliwa. Vijana wengine wote wa mtaani walikuwa kwenye bongo fleva na hip hop. Wapenzi wa metali walikuwa wachache, wakijuana kwa sura, wakirushiana nyimbo kwa simu. Uani kwetu walikuja wawili. Jeni, msichana wa chuo mwenye mwandiko mzuri na kucha alizozipaka nyeusi, na Saruni, fundi wa kuchomelea milango na mageti, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa Themi.

Saruni alinitisha kabla hata hajafungua mdomo. Alikuwa Mwarusha, mrefu, kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru ambako baba yake alikuwa na mashamba na ng'ombe. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemwachia makovu madogo madogo mikononi, na macho yake yalikuwa mekundu kila siku. Mimi nilijua maana ya macho mekundu, maana watoto wote wa mtaani walinifundisha kwamba ni alama ya mchawi. Sauti yake ilitoka chini sana. Aliposema, "Nuru, mambo?" niliitikia, "Shikamoo," nikiangalia vidole vya miguu yangu, kisha nikakimbilia ndani.

Fulana zenye picha za bendi hawakuwa na uwezo wa kuzinunua, na hata wangekuwa nao, zisingepatikana. Kwa hiyo walinunua nguo za mitumba za rangi yoyote, wakazichemsha uani kwenye sufuria mpaka zikawa nyeusi. Kati ya nguo hizo kulikuwa na koti moja refu, zito, la watu wa nchi za baridi, ambalo halikuwa la mtu mmoja. Walilivaa kwa zamu. Mgongoni na kifuani Jeni aliandika kwa rangi nyeupe majina ya bendi walizokubaliana kwamba zinastahili heshima. Na sharti lilikuwa kwamba wote watatu wakubali, la sivyo jina haliandikwi. Ndiyo maana walibishana kila walipokutana.

Mama alikuwa amepiga marufuku makelele ya muziki nyumbani. Walisikiliza kwa hedifoni, wakigawana waya, huku mimi nikiwa ndani nafanya kazi za shule karibu na dirisha. Kwa hiyo metali yenyewe sikuisikia. Nilisikia mabishano tu. Tena kila bendi walikuwa wameipa jina lao la Kiswahili, jina la kiutani, na waliizungumzia kama mtu.

"Mjane alikufa albamu ya tatu," Saruni alikuwa akisema. "Baada ya hapo ni maiti inatembea."

"Mjane hajafa," Jeni alijibu. "Wewe humtaki kwa sababu anayeimba ni mwanamke."

"Mimi simtaki kwa sababu amekufa. Na Babu Jeneza naye atoke. Kachoka, anarudia mambo yaleyale."

"Babu Jeneza haguswi," Eli alisema. "Huyu ndiye aliyetuzaa."

Neno albamu kwangu lilikuwa kitabu cha picha, kile mama alichokiweka kabatini, chenye picha za harusi na za mazishi. Mjane, nilimfikiria ni mama mmoja wa kanisani kwetu anayevaa vitambaa vyeusi. Na Babu Jeneza nilimjua kabisa. Alikuwa seremala mzee aliyeuza majeneza kando ya njia yangu ya shule, mwenye kofia ya sufu na redio ndogo. Nilianza kumwangalia kila asubuhi kuona kama yupo.

Aliyenipa majibu ni Glory, mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la tano na kwa hiyo alijua kila kitu. Nilimweleza habari za sufuria, koti na majina. Aliangalia kwanza kama mama yake yuko karibu.

"Hao ni watu wa kafara," akasema.

"Nani?"

"Kaka yako na wenzake. Wanaandika majina. Ukishaandikwa, basi. Unakufa taratibu au unakufa mara moja, inategemea."

"Kaka Eli hawezi."

"Nani kasema hawezi? Hujui wanatoa nani? Hawatoi adui. Wanamtoa yule wanayempenda kuliko wote. Ndiyo inakubaliwa."

Sikumwamini. Nilimwambia ni mwongo na nikaenda zangu. Lakini wiki hiyohiyo, jioni moja, nilisikia uani mvutano mkali kuliko kawaida, kisha Eli akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sawa. Babu Jeneza atoke." Nilichungulia dirishani. Jeni alichovya brashi kwenye ile rangi nyeusi inayochemka, akapaka juu ya jina lililokuwa kifuani, upande wa kushoto, mpaka likapotea. Mvuke ukaja mpaka ndani. Kesho yake asubuhi nilipopita kwa seremala, mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Majeneza hayakuwepo nje. Redio haikulia.

Leo najua kwamba mzee alikwenda kwao kuvuna kahawa, maana alirudi baada ya majuma machache, na kofia ileile. Lakini asubuhi ile nilisimama mbele ya mlango ule mpaka kengele ya shule ikalia mbali, na mkojo ukanitoka bila mimi kujua.

Siku chache baadaye walikutana tena. Nilikuwa nimeapa sitasikiliza. Nilisikiliza.

"Nafasi ya moyoni iko wazi," Eli alisema. "Nilikubali Babu Jeneza atoke kwa sababu hiyo. Nataka aandikwe Nuru."

Penseli ilianguka, nikaiacha ibingirike.

"Nuru?" Saruni alicheka kidogo. "Nuru bado mchanga, Eli. Hata damu hajatoa."

"Atatoa. Nipeni mpaka Jumamosi. Jumamosi mtamsikia Nuru akilia, halafu mniambie."

"Mimi nakubali," Jeni alisema. "Nuru aandikwe hata sasa."

"Mimi nakataa," Saruni akasema. "Hatuandiki mtu kwa sababu tunampenda. Akilia vizuri Jumamosi, nitamwandika mwenyewe, kwa mkono wangu."

Sijui jinsi ya kumweleza mtu mzima hofu ya namna ile. Chakula nilikiacha. Shuleni mwalimu aliita jina langu kwenye mahudhurio na sikuitika, maana niliona kila anayelitamka analisogeza karibu na lile koti. Usiku nilivuta kabati dogo la nguo nikazuia mlango nalo, na asubuhi nililirudisha kabla mama hajaamka.

Na kaka yangu, wiki ile, alikuwa mwema kupita siku zote. Aliniletea chips mayai kwenye mfuko wa nailoni, zikiwa bado moto. Alininunulia utepe wa nywele wa rangi ya njano. Aliniuliza kila jioni, "Nuru wangu, mbona umenyong'onyea? Nani kakuudhi?" na kila aliponigusa kichwani nilisikia maneno ya Glory: yule wanayempenda kuliko wote. Kabla ya hapo nilikuwa najivunia kwamba Eli ananipenda kuliko mtu yeyote. Sasa nilitamani angenichukia. Nilijaribu hata kumfanya anichukie. Nilimwaga chai kwenye shati lake kwa makusudi. Alifuta, akacheka, akasema nimekuwa mtundu.

Kwa mama nilijaribu mara moja tu. Alikuwa anakunja mapazia, ameweka pini mdomoni.

"Mama, mtu akishaandikwa jina, linaweza kufutwa?"

Alizitoa zile pini, uso wake ukalainika. Alidhani ni mambo ya shule ya Jumapili, ya kuandikwa kwenye kitabu cha uzima.

"Jina likishaandikwa, mwanangu, halifutwi kamwe," akasema kwa furaha. "Hakuna mtu duniani anayeweza kulifuta. Amini tu."

Ijumaa jioni Eli alikuja kusimama mlangoni pangu, ameficha tabasamu kama mtoto.

"Kesho usiende kucheza. Mama akitoka kwenda sokoni, vaa lile gauni lako jeupe la Krismasi. Kuna mahali nakupeleka."

"Wapi?"

"Nikikuambia mambo yataharibika. Usimwambie mama."

Asubuhi ya Jumamosi mama aliondoka mapema na mizigo yake. Nilivaa gauni. Sijui kwa nini nilitii. Nadhani mtoto akiogopa sana hufanya kwanza alichoambiwa. Eli alinitazama, akasema, "Umependeza mno," akatoka kwenda kutafuta bodaboda. Nilisikia geti likifungwa. Hapo ndipo miguu ikaamka. Nilipita nyuma ya choo, nikapenya kwenye uzio wa michongoma, nikateremka kuelekea mtoni.

Nilitaka kwenda kwa mama sokoni. Barabarani Eli angeniona, kwa hiyo nilifikiri nivuke mto Themi kwa mawe, kama watu wa bustani walivyofanya, kisha nipande upande wa pili. Nilipita kwenye matuta ya mchicha na sukuma wiki, nikapita kwenye migomba, gauni likanasa na kuchanika. Mtoni hakukuwa na mtu. Maji yalikuwa machache, meusi kidogo, yananuka sabuni. Niliruka jiwe hadi jiwe, na katikati kulikuwa na mwamba mpana wenye matete yaliyoota pembeni. Nilipofika pale nikasikia sauti ya Eli juu, nyuma yangu.

"Nuru! Nuru, uko wapi?"

Nilijitupa ndani ya matete nikajikunja. Aliita tena na tena, mara karibu, mara mbali. Sauti yake ilianza kama ya mchezo, ikawa ya hasira, kisha ikawa ya namna ambayo sikuwahi kuisikia. Sikuitika. Niliuma utepe wa njano nisitoe sauti.

Sikujua muda niliokaa. Mjini palikuwa na jua. Lakini Meru ilikuwa imefunikwa na wingu zito mpaka miguuni, hata huwezi kujua kama kuna mlima. Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi: maji yaligeuka kuwa ya kahawia, kama chai ya maziwa. Kisha yakaja majani, chupa tupu, halafu mgomba mzima ukipinduka taratibu. Nilipogeuka kutafuta mawe niliyoyakanyaga, hayakuwepo. Upande wa pili vilevile. Mwamba wangu ulikuwa umepungua. Na sauti ya mto, ambayo nilikuwa siisikii, ilikuwa imejaa kila mahali.

Ndipo nikasikia sauti nyingine juu ya maji. Nzito, ndefu, inayotoka chini kabisa. "Nuuuru!" Baadaye niliambiwa ni sauti ambayo Saruni aliitia ng'ombe alipokuwa mtoto kule kwao, lakini pale mimi nilijua tu kwamba mwandikaji amekuja. Nilizidi kujificha. Gauni jeupe ndilo lililoniponza, au ndilo lililoniokoa. Aliniona kupitia matete. Alikuwa amesimama kwenye ukingo, amevaa koti. Ilikuwa zamu yake.

"Usisogee!" alipiga kelele. "Kaa hapohapo!"

Aliteremka mpaka maji yakamfika magotini, akayumba, akarudi nyuma haraka. Alivua koti, akashika mkono mmoja wa koti, akalirusha. Koti lilianguka majini, mkondo ukalileta, na ule mkono mwingine ukanigusa mguu. Niliyaona majina meupe yakicheza ndani ya maji ya kahawia, na ile sehemu ya kushoto iliyopakwa weusi. Nikalipiga teke.

"Shika mkono wa koti! Shika, nikuvute!"

"Sitaki!"

"Mtoto, maji yanapanda! Mvua inanyesha kule kwetu juu, hii bado ni mwanzo. Shika!"

"Sitaki kuandikwa!"

Nilimwona akiinama mbele kama mtu asiyesikia vizuri.

"Kuandikwa wapi?"

"Hapo! Moyoni!" Nilikuwa nalia sasa, maneno yananitoka bila mpangilio. "Kaka amesema leo nitalia, na wewe umesema nikilia vizuri utaniandika mwenyewe! Babu Jeneza mmemfuta na amekufa, kwake pamefungwa! Nimewasikia!"

Sijawahi kusahau uso wake. Mdomo ulibaki wazi. Lile jitu la macho mekundu lilikaa chini kwenye tope, ghafla, kama mtu aliyepigwa ngwala.

"Nuru," akasema, na sauti haikuwa ya chini tena. "Nuru ni bendi. Ni bendi ya kaka yako. Wanapigia magitaa kwenye karakana yangu, yeye na vijana wawili. Ameipa jina lako. Leo wanapiga mbele ya watu, alitaka ukae mbele uwaone. Hayo majina yote ni bendi. Babu Jeneza ni wazungu wanne wenye ndevu, wako hai, wanakunywa bia huko kwao."

"Unadanganya."

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyangu. Alitazama mto, akanitazama mimi, na hapo akakasirika, kwa hasira ya mtu anayeonewa.

"Kwanza nani alisema Nuru asiandikwe? Si ulikuwa unasikiliza? Nani alikataa?"

Nilifikiri. "Wewe."

"Mimi! Mimi peke yangu! Kaka yako anataka, Jeni anataka, wananisumbua kila siku, na mimi nimekataa! Na leo nakataa. Hata wakipiga vizuri. Siandiki Nuru. Umenisikia? Siandiki!"

"Apa."

"Naapa kwa ng'ombe wa baba yangu, siandiki. Sasa shika hilo koti, mdogo wangu, maana mimi sijui kuogelea. Nikiingia hapo tunakufa wote wawili."

Nafikiri ni hilo la mwisho lililonitoa. Mtu wa kafara, kwa nilivyoelezwa na Glory, haogopi kitu. Na huyu alikuwa anaogopa kama mimi. Nilishika mkono wa koti kwa mikono miwili na kuuzungusha kwenye kiwiko. Akaniambia nikae, nisiruke. Nilipoteleza kutoka kwenye mwamba, baridi ilinikata pumzi. Maji yalinifunika kichwa, yakaingia puani na ladha ya udongo, miguu ikatafuta chini isipapate. Nilisikia nyuzi za koti zikiachia. Kisha kitu kigumu kikanikamata gauni mgongoni, kikanivuta juu ya majani, na Saruni akaanguka chali, mimi nikiwa juu ya kifua chake, tunakohoa wote wawili. Koti lilikuwa limemponyoka. Tuliliona likizunguka katikati ya mto, mikono imetanda, likapita chini ya daraja la miti na kwenda zake na majina yote.

Eli alikuja akikimbia, kiatu kimoja mguuni, uso umelowa. "Mlete! Mlete kwangu!" alisema, akanyoosha mikono. Na mimi nikamkumbatia Saruni shingoni, nikaficha uso wangu kwenye bega lake lenye harufu ya moshi wa chuma, nikapiga kelele kwamba nisipelekwe kwake.

Mikono ya Eli ilibaki imenyooka. "Amefanyaje?" akauliza. "Nuru, ni mimi."

"Subiri," Saruni akamwambia. "Subiri kwanza, kaka. Kaa chini nikuambie."

Akamwambia palepale, kwenye tope, bila kupunguza. Eli alisikiliza akiangalia mto. Alivua shati lake, akampa Saruni anifunike nalo, kisha akatangulia mbele kutuonyesha njia ya kurudi nyumbani, akiwa hageuki nyuma.

Mama aliporudi alisikia habari kutoka kwa majirani kabla hajafika getini. Alipiga kelele, akalia, akanikagua kila kidole, kisha akawaweka wote watatu kwenye kochi sebuleni, Jeni na kucha zake, Saruni na magoti yake marefu, na kuwagombeza mpaka sauti ikamkauka. "Mnaita majeneza mbele ya mtoto! Hamna majina mengine?" Walijibu, "Tusamehe, mama," mmoja baada ya mwingine. Baadaye alimpakulia Saruni ndizi na nyama, sahani ya kujaa, na kumkatalia kuondoka mpaka amalize.

Onyesho lile Eli hakulipiga. Wenzake wawili walisubiri, wakaondoka. Walipiga wiki iliyofuata, ndani ya karakana ya Saruni, kati ya mageti yaliyokuwa hayajapakwa rangi, mbele ya watu wachache. Mama alinipeleka mwenyewe, amenishika mkono kwa nguvu. Walipoanza nilijibana kwenye sketi yake, maana makelele yale yaliingia mpaka kwenye meno. Saruni alisimama mbele, mikono ameikunja kifuani, uso haukubadilika hata kidogo. Walipomaliza Jeni alimuuliza, "Haya, sasa je?"

"Gitaa limelia vizuri," akasema. "Lakini bado."

"Umemtoa mtoni kwa mikono yako mwenyewe, na bado unasema bado?"

"Nilimtoa mtoto. Hawa nimewasikiliza. Ni vitu viwili."

Walibishana mpaka jua likazama, na walinunua koti lingine, wakaanza upya na mabishano mapya. Nilielewa kwamba wale watatu walipendana sana, na kwamba kubishana ndiyo ilikuwa njia yao. Hofu ya majina iliniisha kidogo kidogo, ikabaki ya harufu tu.

Lakini kuna jambo ambalo lilichukua muda mrefu zaidi. Jioni ile ya mtoni, nilipokuwa nimelazwa na blanketi mbili, Eli alikuja akasimama kwenye mlango wa kichumba changu. Hakuingia. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Saruni.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Uliamini kweli? Kwamba mimi ningeweza kukutoa wewe?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa mtoto, na nimetoka kwenye maji, na sikuwa na nguvu ya kutunga.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu unanipenda."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa mzigo na anajaribu uzito wake. Kisha akavuta mlango, akaufunga taratibu.

Tangu siku hiyo kaka yangu aliacha kuingia chumbani kwangu hivihivi kama zamani. Alikuwa akibisha hodi. Katika nyumba yetu ndogo, ambamo hakuna aliyembishia mwenzake hodi, Eli alisimama nje ya ule mlango mwembamba na kugonga kwa kidole kimoja, kama mgeni, akasubiri. Hata akiniletea chai. Hata nikiwa naumwa. Siku za mwanzo nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu, nikisikiliza pumzi zake upande wa pili, na najua kwamba naye alikuwa anasikiliza zangu.

Ulipita msimu mzima wa mvua. Halafu asubuhi moja aligonga, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshafungua.